Kutayarisha Masomo ya Mtandaoni Yamfikie Kila Mwanafunzi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mkataba huo wataka elimu itolewe bila ubaguzi. Kwa kuwa masomo mengi siku hizi hupelekwa kwa mtandao, tunakusudia kueleza kosa moja linalowaacha nje baadhi ya wanafunzi, na namna ya kuliepuka.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba picha ya maandishi ni maandishi. Mwalimu huupiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu na kuwapelekea wanafunzi. Aonaye husoma bila taabu. Asiyeona hutegemea programu inayosoma kwa sauti, kama NVDA, ambayo hutolewa bure. Programu hiyo husoma herufi zilizochapwa. Ikikuta picha, mara nyingi hutaja tu kwamba pana picha. Zipo njia za kuigeuza picha kuwa maandishi, lakini hukosea herufi, hasa ukurasa ukiwa umepinda au una kivuli.

Hasara si ya asiyeona peke yake. Ukurasa wa herufi 2,000 huhitaji takriban baiti 2,000. Picha yake yaweza kuzidi baiti 1,000,000. Gharama hiyo humwangukia mwanafunzi anayenunua kifurushi kwa shida.

Basi mwalimu hana budi kufuata mambo haya:

Kwanza, achape somo lenyewe.

Pili, vichwa viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya kuandikia, si kwa kukoza wino tu, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka sehemu hadi sehemu.

Tatu, kila mchoro uelezwe. Kuandika "Mchoro wa 1" hakutoshi, yafaa kuandika: "Mmea wa maharage, mizizi imo udongoni, na kila kikonyo kina vijani vitatu."

Nne, video iwe na maneno yaliyoandikwa chini yake kwa ajili ya viziwi.

Tano, jibu sahihi lisitambulishwe kwa rangi pekee, kwani wako wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kabla ya kulipeleka somo, mwalimu afumbe macho, aiache programu imsomee. Lisilofika sikioni mwake halitamfikia mwanafunzi asiyeona. Na mwanafunzi huyo atafanya mtihani uleule wa wenzake.