Ukihama Niania na Wazee, Kartie Gani?

Familia inayotoka Niania, katika mkoa wa Ituri, ina njia tatu mbele yake kabla hata ya kufunga mizigo. Barabara ya taifa namba 4 inafika hapo ikitoka Kisangani kwa njia ya Bafwasende, kisha inaelekea mashariki hadi Epulu, Mambasa na Komanda, ambako unaiacha na kushika kilomita 75 hivi za kwenda Bunia. Njia ya tatu inapanda kaskazini, Wamba na Isiro. Kisangani iko zaidi ya kilomita 300 upande mmoja, Bunia zaidi ya kilomita 300 upande mwingine. Kwa hiyo mtu wa Niania akisema "tunahamia mjini", swali la kwanza ni mji upi, na wengi hulijibu haraka: kule aliko ndugu, au kule ambako barabara ina usalama mwezi huo. Sibishani na majibu hayo. Ninachobishana nacho ni swali la pili, kartie gani, ambalo mara nyingi huachiwa kijana aliyetangulia kwa pikipiki, naye hulijibu kwa bei ya kodi peke yake.

Kijana huyo ana miaka ishirini na kitu. Anaongea Kiswahili, Lingala, na Kifaransa cha kutosha kujibizana na polisi. Akikosa maji hapa anayafuata kule, na usiku akichelewa anarudi kwa miguu. Kartie yoyote inamfaa. Nyuma yake lakini wanakuja mama yake, watoto wanne wa dada yake, na koko aliyepita sabini, mwenye magoti yanayouma na tansio isiyotulia. Ushauri wangu ni mfupi: kartie ichaguliwe kwa ulimi na kwa miguu ya yule asiyeweza kwenda mbali. Kodi ihesabiwe baada ya hapo.

Tuanze na ulimi. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Barabarani hesabu ni nyingine. Kiswahili cha Bunia na Beni kinakutana Niania na Lingala ya Kisangani na Isiro, na chini yake ziko lugha za nyumbani: Kindaka, Kibudu, Kinande na nyingine. Kijana amezaliwa kwenye makutano hayo, anabadili lugha bila kufikiri. Koko wake, aliyekulia upande wa Mambasa, anaweza kuielewa Lingala ya nyimbo na asiweze kumweleza muuguzi kwamba maumivu yanaanzia ubavuni na kushuka mguuni.

Bunia humpunguzia mzigo huo. Huko Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada nyingi, ya redio kama Candip, na ndicho kinachowakutanisha Wahema, Walendu, Waalur, Wabira na Wanande, ambao kila mmoja ana lugha yake akifunga mlango. Lingala ipo, hasa kwa askari na kwenye muziki, na kwa wazee wengi wa mashariki bado inakumbusha amri za jeshi la Mobutu.

Kisangani ni habari nyingine, na hapo ndipo wageni hupotea. Kiswahili kilifika pale na misafara ya waungwana kutoka pwani; mwaka 1887 mfanyabiashara wao mkubwa, Tippu Tip, alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa makubaliano na watu wa Mfalme Leopold wa Pili. Lingala nayo ilipanda mto na meli za mvuke na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni. Tangu hapo lugha zote mbili zinaishi mji mmoja, na mizani yake hubadilika kutoka komine hadi komine, hata kutoka avenyu hadi avenyu. Mtu akikuambia "Kisangani wanaongea Kiswahili" hajakudanganya. Hajakuambia tu ni wapi.

Utajuaje basi? Usiwasikilize wauzaji. Muuzaji huongea lugha ya mteja. Ukimsalimu kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiswahili hata kama nyumbani kwake hakitumiki. Nenda kwenye kisima au bomba la kartie asubuhi, au jioni watoto wanapocheza mpira barabarani, na usikilize wanatukanana kwa lugha gani. Lugha ya ugomvi wa watoto ndiyo itakayokuwa lugha ya wajukuu wa koko baada ya mwaka mmoja au miwili. Halafu keti mahali wanapoketi akina mama wazee mchana, mbele ya kanisa, kwenye baraza la msikiti, chini ya mwembe wa jirani. Kama koko hawezi kuingia kwenye maongezi yao, atabaki ndani ya parseli siku nzima akingoja watu warudi.

Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Joshua Fishman, alilipanga jambo hili katika kitabu chake cha 1991 kuhusu namna jamii zinavyorudisha lugha zinazopotea. Alikuwa na ngazi nane, na ile aliyoiona kuwa ya lazima haikuwa ya shule, wala ya redio, wala ya ofisi za serikali. Ilikuwa nyumba, familia na ujirani, mahali ambapo mzee anazungumza na mtoto bila mpango wowote. Ukiisoma kwa macho ya mtu anayehama, maana yake ni kwamba kodi ya nyumba inanunua na majirani ndani yake. Familia za Wakongomani waliopelekwa Lexington, katika jimbo la Kentucky, zinakutana na jambo hilohilo, kama zilivyokutana nalo kabla yao familia zinazoongea Kihispania zilizohamia Los Angeles au Chicago na nyanya zao: akiwepo jirani anayeongea lugha ya mzee, mzee anaweza kwenda dukani peke yake.

Kuna sehemu moja ya suala la lugha inayofichwa kwa aibu, nayo ni kituo cha afya. Muuguzi amesomea kazi yake kwa Kifaransa, na huenda ametoka mkoa mwingine. Koko haelewani naye. Mjukuu wa miaka kumi anaitwa kutafsiri. Mtoto huyo sasa anasikia habari za mkojo, za damu, za tumbo la nyanya yake, na koko, ambaye hajawahi kuyataja mambo hayo mbele ya mtoto, anayapunguza au anayanyamazia. Muuguzi anaandika nusu ya ugonjwa. Marekani kanuni za mwaka 2016 zilizuia vituo vya afya vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwategemea watoto kama wakalimani, isipokuwa katika dharura. Kwetu hakuna wa kukuzuia, kwa hiyo zuia mwenyewe: kabla ya kulipa kodi, ingia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, salimia kwa Kiswahili, na uone nani anajibu.

Sasa miguu. Kisangani ina komine sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko ng'ambo ya kulia ya mto Kongo, na Lubunga iko peke yake kushoto. Hakuna daraja. Unavuka kwa mtumbwi au kwa kivuko. Kijana akipata nyumba nafuu Lubunga atafurahi, maana mchana kuvuka ni jambo la kawaida. Lakini hospitali kubwa za mji ziko ng'ambo ya pili, na tansio ya koko haichagui mchana. Mwaka 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola ulifukuza watu wengi makwao upande huo, na kwa familia yenye mzee na watoto wadogo mto usio na daraja ni ukuta siku ya kukimbia. Mwenye wazee ambaye ni mgeni wa mji, ningemshauri akae ng'ambo ya kulia hata kama atapata chumba kimoja pungufu.

Bunia haina mto wa namna hiyo. Shida yake ni miteremko na tope. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200, na mtu aliyezoea joto la msitu atauhisi ubaridi wa alfajiri kwenye viungo. Nyumba yenye dari si anasa kwa mzee wa Niania. Mvua ikinyesha, motari anayekupeleka hadi mlangoni wakati wa kiangazi atakushusha kwenye barabara kubwa na kukuambia umalizie mwenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu nyumba ni hili: mvua ikishanyesha siku mbili, pikipiki inafika wapi? Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ngapi za kupanda? Kartie ya katikati kama Lumumba ina biashara na barabara karibu, ina pia kelele, msongamano na parseli ndogo. Za pembeni zina nafasi ya kupanda lengalenga na sombe, jambo ambalo kwa mama aliyezoea shamba ni chakula na ni afya ya akili, lakini maji hufuatwa mbali.

Kuhusu parseli yenyewe nitakaa kidogo, kwa sababu huko ndiko familia kubwa huumia. Nyumba nyingi za kupanga ziko ndani ya parseli moja yenye wapangaji kadhaa, choo kimoja na kisima kimoja. Swali la kwanza la baye, yaani mwenye nyumba, ni "mko wangapi?" Wengi hujibu wanne, halafu wanafika tisa. Baye anavumilia mwezi mmoja, choo kinajaa, wapangaji wengine wanalalamika, na familia inatolewa ikiwa imeshazoea jirani na shule. Sema tisa tangu mwanzo. Watakaokataa watakuwa wengi, na atakayekubali atakuwa amekubali kweli. Sheria ya kodi za nyumba ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi: isizidi kodi ya miezi mitatu. Ukiombwa sita au kumi unaweza kuitaja sheria hiyo, kwa heshima, mbele ya shefu wa kartie. Dai karatasi yenye saini kwa kila franka na kila dola inayotoka. Na kama mpango ni kununua, kumbuka kwamba tangu sheria ya ardhi ya 1973 ardhi ni mali ya dola. Karatasi ya muuzaji iliyoshuhudiwa na majirani haina nguvu ya cheti cha usajili, hata kama majirani ni watu waaminifu.

Shefu wa kartie na mkuu wa nyumba kumi waonwe kabla ya mizigo kufika. Kartie za Bunia zina kumbukumbu. Mwaka 2003 mji huu uligawanyika kwa kabila, na majeshi ya Ulaya yakaja Juni katika operesheni Artemis. Mengi yamechanganyika tena tangu wakati huo, na mtu wa Niania kwa kawaida hahesabiwi upande wowote. Ila hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021 imefanya kila mgeni aangaliwe mara mbili, na wakimbizi wa ndani, kama wale wa kambi ya Kigonze, wameongeza watu wanaotafuta chumba. Familia iliyojitambulisha mapema huulizwa maswali machache.

Shule haihitaji maneno mengi. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure Septemba 2019, kwa hiyo angalia umbali na idadi ya watoto darasani. Karatasi nazo: tangu mkoa wa Orientale ugawanywe mwaka 2015, Niania iko Ituri na Kisangani iko Tshopo. Anayehamia Kisangani ajipatie vyeti vya kuzaliwa na vya shule kabla ya kuondoka, maana ofisi za mkoa wake zitabaki Bunia, mwisho wa barabara nzima.

Lipo pia jambo ambalo vijana hawapendi kulitaja na wazee hulitaja wa kwanza: matanga. Koko atauliza akifa atazikwa wapi. Kumrudisha marehemu Niania kwa barabara hiyo ni gharama inayoweza kuifilisi nyumba, na anayejua hilo ni yeye. Ongeeni mapema, akiwa mzima. Kwa kartie maana yake ni ua: je, baye anaruhusu watu kulala nje siku tatu, kuwasha moto, kuimba? Kuna parseli ambazo hilo haliwezekani hata kidogo.

Mwisho, kuhusu anayetangulia. Kijana aende, atafute nyumba tatu, asilipe garanti ya hata moja. Kisha koko apelekwe mwenyewe, kwa ndugu au kwa waumini wenzake, akae wiki mbili, ikiwezekana Oktoba, mvua zikiwa zimekolea. Apelekwe sokoni aachwe anunue. Apelekwe kwenye kituo cha afya apimwe tansio. Jumapili au Ijumaa apelekwe kwenye ibada ya kartie. Nauli yake itaonekana ghali, lakini kuhama mara ya pili ndani ya mwaka mmoja hugharimu garanti nyingine, madarasa mengine ya watoto, na pikipiki mbili za vyombo. Akirudi, mwulizeni ni nyumba ipi kati ya zile tatu, na mwulizeni majina ya majirani. Ile ambayo ameshajua majina mawili matatu ndiyo mkaipigie hesabu ya kodi.