Mutoto aliye tumboni na ndui ya nyani

Wengi hapa Kindu wakiona mapele yenye maji husema: «Ni tetekuwanga tu.» Pengine ndivyo, pengine ni ndui ya nyani, iitwayo sasa mpox. Macho peke yake hayawezi kuzitenganisha. Mugonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mutoto wa miezi 9, huko Basankusu, mwaka wa 1970.

Na mutoto asiyezaliwa bado, je? Munganga Placide Mbala na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka wa 2017. Kati ya wagonjwa 222 waliofuatwa katika lopitali ya Kole, kwa jirani zetu wa Sankuru, toka 2007 mpaka 2011, wanawake 4 walikuwa na mimba. Mumoja tu alizaa mutoto muzima. Wawili mimba ziliharibika. Wa nne, mutoto alifia tumboni, mwili wake umejaa mapele. Na kipimo kilikuta virusi ndani yake. Basi ugonjwa huu waweza kupita toka mama mpaka mutoto.

Kupimwa si jambo la kuogopa: munganga hupangusa pele kwa pamba, kisha mashini hutafuta alama za virusi. Ndugu seminaristi, ukirudi kwenu wakati wa likizo, uwaambie wamama wenye mimba: mutu akiona homa na mapele, asingoje; aende lopitali apimwe.