Tiba ya Bomba Linalotetema Baharini

Mvuvi aliyeshusha mshipi penye mkondo mkali huuhisi ukimtetemesha vidoleni hata kama hakuna samaki aliyegusa chambo. Maji yapitayo kwenye kitu cha mviringo hayaachani nacho kwa utulivu. Hufanya vimbunga vidogo nyuma yake, kimoja upande huu na kingine upande ule, kwa zamu. Kila kimbunga kinapojibandua, kitu hicho huvutwa ubavuni.

Mwaka wa 1878 mwanafizikia Vincenc Strouhal alichunguza waya zinazovuma hewani. Kanuni iliyopewa jina lake yasema kwamba, kwa silinda nyingi, idadi ya mitikisiko kwa sekunde hukaribia moja kwa tano ya mwendo, ikigawanywa kwa kipenyo. Mwalimu na ampe mwanafunzi hesabu hii: bomba la kipenyo cha nusu mita, mkondo wa mita 1 kwa sekunde. Jibu ni mtikisiko 0.4 kwa sekunde. Ni kidogo? Kwa siku moja ni 34,560. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 12. Chuma kikikunjwa na kukunjuliwa kiasi hicho huchoka, hatimaye hupasuka.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mnamo Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi iliondoka kwenye mtambo wa Coral Sul, unaoelea katika bahari ya Msumbiji penye kina cha takribani mita 2,000. Mabomba yanayopandisha gesi kutoka kina kama hicho hupita katika mikondo isiyolingana.

Mwanafunzi akiulizwa tiba, aghalabu hujibu kwamba bomba lifanywe nene. Vitabu vyetu vimemzoesha hivyo: kila kitu kina mtetemo wake wa asili, basi badili uzito au ugumu, hatari itapita. Kwa nguzo fupi, sawa. Lakini bomba refu linalopindika lina mitetemo ya asili mingi mno, kama uzi wa gambusi wenye sauti nyingi ndani yake. Ukiukwepa mmoja, mkondo utauamsha mwingine.

Tiba iliyo bora ni kuyavuruga maji yenyewe. Mnamo 1957 Scruton na Walshe, wa Uingereza, walipendekeza mapezi matatu yanayozunguka dohani ndefu mithili ya hesi za parafujo, ili upepo usizitikise. Baharini mapezi hayo hufanywa makubwa zaidi, aghalabu urefu wa robo ya kipenyo. Vimbunga hubanduka kwa nyakati tofauti katika kila sehemu ya bomba, visipate kuungana kulisukuma kwa pamoja.

Hata hivyo, dawa hii ina gharama. Mapezi huongeza nguvu ya mkondo ya kulisukuma bomba, na viumbe vya baharini vikiyagandia hupungukiwa na kazi. Mimi nionavyo, kulivika bomba zima ni ubadhirifu; yawekwe pale mkondo ulipo mkali, mara nyingi karibu na juu.

Somo hili halihitaji maabara ya fahari. Nyunyiza vumbi la chaki juu ya maji ya karai, uvute ufito wima ndani yake, na wanafunzi watazame nyuma ya ufito. Kisha uzungushie kamba nene kama hesi, uvute tena, na uwaulize wameona tofauti gani.