Anayeuguza Naye Huugua: Mlezi wa Nyumbani Pia Ahitaji Kuangaliwa

Kliniki inapofunguliwa asubuhi, mtu wa kwanza kuulizwa hali ni mgonjwa. Hupimwa presha, hupimwa uzani, huandikiwa dawa na kupewa tarehe ya kurudi. Yule aliyemleta, aliyembeba kutoka kwenye bodaboda hadi kwenye benchi, hushika kadi na kusubiri. Ni nadra kuulizwa kama usiku alilala, kama mgongo unamuuma au kama amekula.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unaonekana mwepesi. Tafiti za zaidi ya miaka 40 zimekuwa zikiupima mzigo huo, nazo zinakubaliana kwa jambo moja: afya ya mgonjwa na afya ya anayemtunza haziachani. Mlezi akianguka, mgonjwa huanguka naye.

Walezi ni akina nani?

Mlezi wa nyumbani ni mtu anayemtunza wa kwake bila malipo: mke anayemwosha mume aliyepata kiharusi, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, binti aliyerudi nyumbani kumtazama baba anayesahau njia ya kurudi kwake, au bibi anayelea mjukuu mwenye kifafa. Wengi wao hawajiiti walezi. Husema tu, "Ni mama yangu," au "Ni mtoto wangu."

Mzigo huu hauwaangukii wote sawasawa. Utafiti wa Matumizi ya Muda wa mwaka 2021, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume hutumia kwa kazi za nyumbani na utunzaji zisizolipwa. Mahitaji nayo yanaongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini, na uzee huja na maradhi yanayohitaji mtu wa karibu kila siku.

Kinachodhuru ni kulemewa

Mwaka 1980, mtafiti Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walitunga orodha ya maswali ya kupima mzigo wa mtu anayemtunza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Toleo linalotumika zaidi leo lina maswali 22. Mlezi huulizwa, kwa mfano, kama anakosa muda wake mwenyewe na kama anahisi afya yake imezorota.  Orodha hiyo ilionyesha kwamba watu wawili wanaweza kuuguza ugonjwa ule ule, mmoja akalemewa na mwingine akamudu. Mara nyingi tofauti hutokana na msaada walio nao.

Madhara ya kulemewa huonekana hata mwilini. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakitunza jamaa wenye ugonjwa wa kusahau, wakawalinganisha na wengine 13 wa umri wa karibu nao ambao hawakuwa walezi. Wote walitiwa kidonda kidogo mkononi kwa njia salama. Vidonda vya walezi vilichukua siku tisa zaidi kupona.

Miaka minne baadaye, Richard Schulz na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee zaidi ya 800 kwa miaka minne. Waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao huku wakihisi wamelemewa walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao ambao hawakuwa na mtu wa kuuguza. Waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa David Roth na wenzake mwaka 2013, uliwakuta walezi kwa jumla wakiwa na vifo vichache kuliko wasio walezi.

Maana yake ni kwamba kumtunza mtu si sumu, na wengi hupata faraja na heshima katika kazi hiyo. Kinachodhuru ni kuibeba peke yako, bila usingizi, bila pesa na bila mtu wa kukupokea.

Nini husaidia?

Jibu la haraka ni mafunzo. Mwaka 2004, watafiti jijini London wakiongozwa na Lalit Kalra walichapisha matokeo ya wagonjwa 300 wa kiharusi na walezi wao. Baadhi ya walezi walifundishwa jinsi ya kumwinua mgonjwa, kumgeuza kitandani na kumkinga na vidonda vya kulalia. Baada ya mwaka mmoja, walezi waliofundishwa walikuwa wamepungukiwa na mzigo na wasiwasi. Wagonjwa wao pia walikuwa na hali bora ya moyo, ingawa si wao waliofundishwa.

Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha vitengo 36 vya kiharusi, halikuona tofauti walezi walipofundishwa wakiwa bado hospitalini. Siku za kwanza za kiharusi familia imechanganyikiwa. Maswali ya kweli huanza wiki kadhaa baadaye, nyumbani, saa nane za usiku.

Matokeo ya New York yanatoa funzo hilo kwa upande wa pili. Huko, Mary Mittelman na wenzake waliwasaidia watu waliokuwa wakiwatunza wenzi wao wenye ugonjwa wa Alzheimer. Katika utafiti huo wa walezi 406, nusu yao walipewa ushauri wa ana kwa ana, kikao na jamaa wengine wa familia, kikundi cha walezi wenzao, na mshauri wa kumpigia simu wakati wowote. Msaada huo haukukatwa baada ya mwezi. Matokeo ya 2006 yalionyesha kwamba wagonjwa wa walezi hao walikaa nyumbani takriban siku 557 zaidi kabla ya kupelekwa katika makao ya wagonjwa.

Funzo kutoka Kilifi

Funzo hilo si la Marekani pekee. Katika Kaunti ya Kilifi, Joseph Gona na wenzake waliwasikiliza walezi wa watoto wenye ulemavu na kuchapisha mwaka 2011 yale waliyoeleza kuhusu changamoto za kila siku, hisia zao na mahitaji yao. Baadaye vikundi vya kusaidiana vya walezi viliundwa, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020. Walezi hao walikuwa wakikabiliana na umaskini, unyanyapaa na kazi nzito ya mwili. Baada ya kukaa kwenye vikundi walisema wanapata msaada zaidi kutoka kwa watu. Hata ulemavu wa mtoto waliuona kuwa mwepesi kuliko mwanzo. Ulemavu wenyewe haukuwa umeondoka. Kilichobadilika ni kwamba mlezi hakuwa tena peke yake.

Unyanyapaa haupaswi kuchukuliwa kijuujuu, hasa katika Pwani, ambako wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayezungumza peke yake, anayezurura usiku au asiyemtambua mwanawe huenda ana ugonjwa wa ubongo. Si mchawi. Apelekwe hospitalini, na familia yake ilindwe dhidi ya maneno ya kijijini.

Hatua ambazo familia inaweza kuchukua

Gawaneni kazi. Itisheni kikao cha familia na kila mmoja ataje siku na kazi yake: nani anachota maji, nani analala na mgonjwa Ijumaa, nani anatuma nauli ya kliniki. Mwanamume anaweza kumlisha na kumwosha mgonjwa.

Linda mgongo. Unapomwinua mgonjwa, kunja magoti na umweke karibu na mwili wako, usiiname kwa kiuno. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na alishwe akiwa ameketishwa wima ili asipaliwe. Mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo akuonyeshe, kisha ufanye mbele yake.

Mlezi naye apimwe. Wahudumu wa afya ya jamii, wanaofahamika kama CHP, hubeba mashine za kupima presha na sukari. Wanapomtembelea mgonjwa, mlezi naye anyoshe mkono. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akilia mara kwa mara, akiwa mkali kwa mgonjwa au akiona maisha hayana maana, hizo ni dalili za kutafuta msaada katika kituo cha afya. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri nasaha bila malipo.

Undeni kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inahitaji wanachama wasiopungua 10. Usajili hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo.

Ulizeni kuhusu haki zenu. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa, na kwa familia zinazotunza watu wenye ulemavu mkubwa, ambapo mlezi ndiye hupokea kwa niaba ya mhusika. Chifu au afisa wa ustawi wa jamii ataeleza utaratibu. Mwenye ulemavu pia anaweza kufanyiwa tathmini hospitalini ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia na pia Serikali. Katiba imezitaja zote mbili. Familia haikuachiwa mzigo wote, wala Serikali haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wa binti au mjukuu.

Kwa wahudumu wa zahanati na majirani, kazi inaweza kuanza bila bajeti yoyote. Baada ya kumjulia hali mgonjwa, mgeukie aliyemleta na umuulize, "Na wewe, hali yako?" Kisha usubiri jibu.