Tuwatunze Wafanyakazi wa Tumbo la Ng'ombe

Mahindi yanapovunwa huku Mbeya na Iringa, ng'ombe wa maziwa naye hupata sikukuu. Familia nyingi za Rungwe na Mufindi zina ng'ombe mmoja au wawili bandani. Pumba zikiwa nyingi tunammwagia ndoo nzima, tukitumaini maziwa yataongezeka. Kesho yake hacheui, tumbo limejaa, naye anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu. Kwa nini?

Ng'ombe hawezi kumeng'enya majani peke yake. Tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba zaidi ya lita 100, limejaa bakteria wasiohesabika. Hao ndio wanaovunjavunja majani na kumpatia nguvu ya kutengeneza maziwa. Nafaka nyingi zikiingia ghafla, bakteria wa aina nyingine huzaliana upesi na kutoa asidi kali. Wale wema hufa, na ng'ombe mwenyewe anaweza kufa katika siku 1 au 2.

Hapo wengi wetu hufanya kosa la pili: tunakimbilia dukani, tunanunua antibiotiki na kumnywesha. Dawa hiyo haitofautishi rafiki na adui. Ikifika tumboni inaweza kuwamaliza hata wafanyakazi waliosalia.

Ya sindano nayo huingia katika maziwa. Mama akiona maziwa yanakataa kuganda kuwa mtindi, aulize kama ng'ombe alichomwa sindano. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakutoshi kuondoa dawa. Dawa hiyo huweza kumdhuru mtu mwenye mzio. Tena bakteria wanaoizoea huwa sugu, na siku mtoto akiugua, dawa isimsaidie.

Tufanye nini basi?

Kwanza, majani yawe ndiyo chakula kikuu. Pumba tuziongeze kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3, na ghala tulifunge vema.

Pili, ng'ombe akiugua tumwite bwana mifugo mapema. Anaweza kuchota majimaji ya tumbo la ng'ombe mzima na kumnywesha mgonjwa, ili kumrudishia bakteria wake.

Tatu, akiandika antibiotiki, tumalize dozi. Maziwa ya siku zote alizozitaja tuyamwage. Tusiyauze, wala tusimpe ndama. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko kumpoteza mtoto kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.