Gari la Mwanafunzi Wangu na Neno "Halisi"

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hivi majuzi nimegundua kuwa hata kizuri huhitaji tangazo, na kwamba neno moja katika tangazo laweza kutia doa kazi ya miaka mitatu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi mwenye karakana yake mjini Nakuru, alinijia akiwa na karatasi mkononi. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe uliyenifunza insha. Nisahihishie tangazo hili." Alikuwa akiuza Ford Cortina ya miaka ya 1960, motokaa ya Kiingereza aina ya saluni, yenye zile taa za nyuma za mviringo zilizogawanywa mapande matatu. Alilinunua gari hilo likiwa gofu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Akalikarabati jioni baada ya jioni, akitarajia kwamba fedha zake zingelipa karo ya bintiye chuoni.

Huenda msomaji kijana hajapata kuliona gari la namna hiyo. Cortina ilizinduliwa mwaka wa 1962, ikiundwa Dagenham karibu na London, na jina lake likatolewa kwenye mji wa Italia ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka wa 1956. Ford ilikusudia gari jepesi, lisilo ghali, ambalo wazazi na watoto wangeingia pamoja na mizigo yao. Uundaji ulipokoma mwaka wa 1982, zaidi ya milioni nne za matoleo mbalimbali zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Marehemu baba yangu, mwalimu mkuu, aliitamani Cortina maisha yake yote ya kazi, akastaafu akiwa na baiskeli.

Tangazo lilianza hivi: "Cortina halisi, kama ilivyotoka kiwandani." Nikamwomba fundi afungue boneti.

Injini ya awali ya gari hilo ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,198. Niliyoiona ilikuwa ya 1,599, iliyotolewa kwenye Cortina ya miaka ya baadaye. Giaboksi ya gia nne ilikuwa imetoka, ikaingia ya gia tano kutoka Ford Sierra. Dainamo ilikuwa imeondolewa ikawekwa altaneta, na magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski badala ya zile za ngoma. Valvu zilikuwa zimewekewa makalio ya chuma kigumu, maadamu petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka wa 2006 na injini za zamani ziliitegemea risasi hiyo kuzilinda valvu. Chini ya milango, mabati yaliyoliwa na kutu yalikuwa yamekatwa na mengine kuchomelewa kwa ustadi mkubwa. Isitoshe, nambari ya injini haikuwa ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

"Basi neno hili 'halisi' linatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Mwalimu, wapenzi wa magari ya kale hutaka uhalisi. Nikitaja injini, bei itashuka. Na binti yangu anaripoti chuoni mwezi ujao."

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kuuhubiri ukweli wakati karo si yako. Hata hivyo, nilimfikiria mnunuzi ambaye siku moja angeagiza vipuri vya breki visivyolingana na gari lake, au angesimamishwa barabarani na kuulizwa nambari ya injini asiyoijua. Hapo nikakumbuka jambo lililonisaidia kumweleza.

Pasaka ya mwaka wa 1964, ya kwanza baada ya Uhuru wetu, mashindano ya Safari yalishindwa na Peter Hughes na Bill Young. Gari lao lilikuwa Cortina GT. Na GT ilikuwa nini ila ile ile saluni ya familia iliyotiwa injini kubwa zaidi, kabureta ya Weber na breki za diski mbele? Cortina iliyojipatia sifa katika matope ya Afrika Mashariki ilikuwa Cortina iliyogeuzwa, na hakuna aliyeona haya kuitaja hivyo.

"Wewe umefanya kazi mbili," nikamwambia. "Bodi umeikarabati, mitambo umeigeuza. Zote mbili ni ujuzi wako. Ukiandika 'halisi', unaufuta ujuzi huo kwa mkono wako mwenyewe."

Alinyamaza kitambo, kisha akachukua kalamu. Tuliandika upya: kilichokarabatiwa, kilichobadilishwa, sababu yake, na mahali kila kipuri kilikotoka. Alianza pia kushughulikia kuandikishwa kwa injini ile mpya. Wateja wawili wa kwanza waliposikia habari ya injini walikata simu. Wa tatu alikuja na fundi wake, wakalala chini ya gari kwa saa nzima, orodha yetu mkononi. Akalinunua, kwa bei ya chini kuliko tuliyotarajia. Pengo la karo mwanafunzi wangu amelijaza kwa mkopo wa chama, naye angali anaulipa.

Walimu wenzangu, tumezoea kuwatuza wanafunzi kwa wingi wa vivumishi katika insha zao. Tuwafunze pia kuandika tangazo la mauzo, ambamo kila kivumishi ni deni ambalo mtu mwingine atakuja kulidai. Nanyi wanafunzi, mkitaka kujua uzito wa neno "halisi", msiishie kwenye kamusi, fungueni boneti.