Nani Hulipa Modeli Ikikosea?

Chukua watu mia moja, mpe kila mmoja mkopo wa shilingi 1,000 wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Ndiyo ada ambayo huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza nayo nchini Kenya Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA walipoungana kukopesha watu ambao wengi wao hawajawahi kuketi mbele ya ofisa mikopo. Wote wakirudisha, mkopeshaji anavuna shilingi 7,500. Sasa watoe saba wanaozima simu. Waliobaki 93 watarudisha shilingi 99,975, pungufu ya shilingi 25 kwa mtaji uliotoka. Watu saba wamemaliza faida ya mia, na bado mishahara, mitambo na kodi havijalipwa.

Biashara yote ya mikopo ya simu imo ndani ya hesabu hiyo. Wasiolipa wakiwa watatu kuna gawio, wakiwa wanane kuna hasara. Na kwa mkopo wa elfu moja huwezi kumtuma mtu mtaani kuulizia tabia za mkopaji, maana nauli yake peke yake ingezidi ada. Kazi hiyo imeachiwa modeli ya takwimu, kama ilivyoachiwa upangaji wa odi za mpira, makadirio ya matokeo ya uchaguzi na nyota za dereva wa teksi ya mtandaoni. Ni biashara nne zenye wateja tofauti, lakini bidhaa ni moja: uwezekano uliopewa bei.

Modeli haimjui mtu, inajua kundi. Inaweza kusema kwamba kati ya watu mia wanaofanana nawe saba hawatalipa. Ni yupi kati ya hao mia, haiwezi kusema. Kwa hiyo kosa limeshahesabiwa kabla fedha haijatoka. Kinachobaki kuamuliwa ni bili ya kosa hilo aende nayo nani, na hapo ndipo biashara hizi zinapoachana.

Kwenye mikopo bili inakwenda kwa anayelipa vizuri. Mama lishe anayerudisha kila mara kabla ya tarehe ndiye anayebeba ada ya wale saba, kwa sababu mwanzoni modeli haina namna ya kumtenganisha nao. M-Shwari ilianza kwa kutazama mambo ambayo Safaricom ilikuwa nayo tayari: mteja amekaa na laini kwa muda gani, anaweka salio kiasi gani, anatumiaje M-Pesa, na akikopa salio analirudisha vipi. Mkopo wa salio ulikuwa dirisha zuri, kwani ulikuwa mkopo halisi, ingawa wa shilingi chache. Vodacom na CBA walileta mpango wa aina hiyo Tanzania mwaka 2014 kwa jina la M-Pawa. Baada ya hapo mitandao mingine nayo ikaja na yake, na kampuni za programu za simu zikaingia, nyingine zikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na orodha ya namba za mkopaji.

Kadiri mteja anavyokopa na kulipa ndivyo kikomo chake kinavyopanda. Lakini kuna jambo wakopeshaji hawalitaji kwenye matangazo. Modeli hujifunza kwa waliopewa mkopo tu. Ukimpa asiyefaa, kosa litaonekana baada ya mwezi. Ukimnyima anayefaa, kosa halitaonekana kamwe, maana hakuna rekodi ya mkopo ambao haukutolewa. Fundi baiskeli wa Sengerema anayefanya biashara yake yote kwa noti haonekani kuwa mkopaji mbaya. Haonekani kabisa, na kompyuta haijui tofauti ya hayo mawili. Mkopeshaji makini hutenga fungu la kuwakopesha baadhi ya waliokataliwa ili apime kosa lake. Ni gharama ya kujifunza, na kwa mkurugenzi wa fedha inafanana sana na kumwaga hela.

Utafiti wa CGAP, shirika la kimataifa linalohimiza huduma za kifedha kwa maskini, uliotolewa 2018 uliwauliza kwa simu wakopaji wa mikopo ya kidijitali katika nchi hizi mbili. Nchini Kenya takribani asilimia 12 walisema wamewahi kushindwa kabisa kulipa, na Tanzania asilimia 31. Waliowahi kuchelewa walikuwa karibu nusu Kenya na asilimia 56 Tanzania. Takwimu hizo si sawa na ile saba kwa mia, kwa kuwa zinahesabu mtu aliyewahi kushindwa hata mara moja, lakini zinaonyesha jinsi nafasi ya kosa ilivyo nyembamba.

Halafu kuna hatari ambayo wastani hauionyeshi. Hesabu ya saba kwa mia inachukulia kwamba kila mmoja anashindwa kwa sababu zake: huyu kaugua, yule kaibiwa. Mvua zikikosa, au Januari ya ada za shule ikikuta biashara imelala, watu wanashindwa pamoja. Kosa hilohilo ndilo lililowaangusha mabingwa wa Wall Street mwaka 2008. Walikusanya mikopo ya nyumba iliyotawanyika Marekani nzima wakiamini haiwezi kuharibika kwa wakati mmoja, nayo ikaharibika kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba kule waliumia wenye hatifungani na walipa kodi. Huku mtaani kosa hukusanywa kwa simu za vitisho kwa shemeji, jirani na bosi wa kazini.

Watanzania walishaipa mikopo ya namna hiyo jina lake, kausha damu, na wasimamizi wameanza kuitika. Benki Kuu ya Kenya ilipata mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali kwa sheria ya 2021 na kanuni za mwaka uliofuata. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kwa maoni yangu hatua hizi ni za lazima, ila zinashughulikia ukusanyaji kuliko ukadiriaji. Kenya ilijaribu kushika bei yenyewe kwa benki. Kuanzia Septemba 2016 riba iliwekewa ukomo wa pointi nne juu ya ile ya Benki Kuu. Benki hazikupunguza makosa ya modeli zao, zilipunguza wateja, na wafanyabiashara wadogo wakafungiwa mlango hadi ukomo ulipoondolewa Novemba 2019.

Kwenye mpira hesabu ni safi zaidi, na ukatili wake pia. Tuseme watani wa jadi wanakutana, na kampuni ya kubashiri imetoa odi 2.10 kwa wa kwanza, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa wa pili. Gawa moja kwa kila odi upate uwezekano: asilimia 47.6, 31.3 na 29.4. Jumla ni 108.3. Jumla ya uwezekano wa kweli haiwezi kuzidi mia, hivyo ile 8.3 ya ziada ni ya nyumba, yaani kampuni ya kubashiri. Kwa wastani, kila shilingi 100 inayowekwa inaiachia nyumba karibu shilingi 8, timu yoyote ishinde.

Sasa njoo kwenye mkeka, dau moja la mechi kadhaa ambazo zote lazima zitimie. Kijana anapanga mechi tano zenye makato hayohayo. Kila mechi inarudisha wastani wa shilingi 92.35 kwa mia, na ukizidisha mara tano unabaki na 67. Theluthi ya dau imekwenda kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya kwanza. Mkeka unapochanika kwa mechi moja, mwenyewe huilaumu timu ile iliyomwangusha. Jekpoti ya mechi 17 ni zaidi ya hapo, kwani mechi hizo zina namna 129,140,163 za kumalizika. Mei 2017 mtu mmoja nchini Kenya alishinda jekpoti ya SportPesa ya zaidi ya shilingi milioni 221 za huko. Picha yake ilifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote la kulipia.

Nyuma ya odi kuna sayansi ya kweli. Mwaka 1997 wanatakwimu Mark Dixon na Stuart Coles wa Uingereza walichapisha njia ya kukadiria mabao kwa kuipa kila timu nguvu ya kushambulia na nguvu ya kulinda. Walirekebisha pia kasoro ya fomula za awali, ambazo zilipunja uwezekano wa 0-0 na 1-1. Kanuni ya msingi ni rahisi: timu yenye wastani wa mabao 1.5 itatoka bila bao katika asilimia 22 hivi ya mechi. Matthew Benham alitajirika kwa kazi ya aina hii kupitia kampuni yake ya Smartodds. Mwaka 2012 aliichukua Brentford na kuanza kununua wachezaji ambao hesabu ziliwathamini kuliko soko, na mwaka 2021 klabu ikapanda Ligi Kuu ya England. Kwa hiyo wapo wanaoishinda nyumba. Wanaajiri wanahisabati, na hawapangi mkeka wa timu tano kwenye kijiwe cha kahawa.

Serikali nazo zimejifunza kwa gharama kwamba kodi ina hesabu zake. Mwaka 2019 Kenya iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya dau lenyewe. Rudi kwenye mfano wetu: nyumba inabaki na shilingi 8 katika mia, serikali inataka 20 za hiyo mia. Mwaka huohuo, kukiwa pia na mvutano wa leseni na malimbikizo ya kodi, SportPesa ilifunga shughuli zake Kenya.  Ushuru ulifutwa 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5. Unapokatwa moja kwa moja kwenye dau, anayeulipa ni yule mwenye mkeka.

Utafiti wa maoni ya uchaguzi unafanya hesabu za jamii hiyohiyo, lakini fedha zake zina tabia nyingine. Kampuni nyingi za utafiti huishi kwa kuuliza watu kuhusu sabuni, vinywaji na vituo vya redio, na kura ya urais ni kibao cha dukani. Septemba 2015 Twaweza, asasi isiyo ya kibiashara, ilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi kuhusu urais wa Tanzania: Magufuli wa chama tawala asilimia 65, Lowassa wa upinzani 25. Mwezi mmoja baadaye Tume ya Uchaguzi ilitangaza 58 na 40. Mshindi alikuwa sahihi, pengo halikuwa. Kosa la sampuli ya watu 1,000 ni pointi tatu hivi juu au chini, na kulipunguza kwa nusu kunataka watu 4,000. Pointi 15 alizopunjwa Lowassa haziwezi kuelezwa na ukubwa wa sampuli. Huenda watu walibadili nia ndani ya mwezi ule, huenda waliogopa kumtaja wa upinzani kwa sauti ngeni ya simu. Kenya mwaka 2022 tafiti nyingi zilimweka Raila Odinga mbele, na William Ruto akashinda kwa asilimia 50.49.

Hapa hakuna wa kumpelekea bili. Mkopeshaji aliyekosea anapoteza mtaji, mtafiti anapoteza jina, na miaka mitano inatosha kulisafisha. Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka tafiti hizi zipigwe marufuku. Kenya inakataza kuzichapisha siku tano kabla ya kupiga kura, na mipaka ya namna hiyo inatosha. Pasipo utafiti wa wazi watu hubaki na utafiti wa mgombea mwenyewe, ambao haujawahi kumkuta akishindwa.

Nyota za dereva ni mambo madogo, ila zinagusa ugali wa watu. Dereva mpya mwenye safari nne, tatu za nyota tano na moja ya nyota moja, ana wastani wa 4.0, na abiria wameshazoea kuona 4.8. Tiba ni ya siku nyingi: mwanzishie safari 20 za kubuni zenye wastani wa wote, tuseme 4.8, na alama yake itasimama 4.67 mpaka safari za kweli zitakapozidi. Haigharimu chochote. Jukwaa lisilofanya hivyo halipotezi kitu, kwa sababu kosa linalipwa na dereva aliyekosa abiria.

Nchi nazo zina nyota zao. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili kupunguza deni la hatifungani ya miaka kumi iliyotolewa 2014 kwa asilimia 6.875. Juni 2024 hatifungani hiyo ya zamani ikalipwa yote, kwa tarehe yake. Wiki mbili baadaye Moody's, wakala wa kupima mikopo, ikaishusha Kenya hadi alama ya Caa1, ikitaja kuondolewa kwa Muswada wa Fedha baada ya maandamano ya vijana. Kwa takwimu Moody's ina hoja, maana ilikuwa inatazama mapato yajayo na si malipo yaliyopita. Umoja wa Afrika umekuwa ukiandaa wakala wa Afrika wa kupima mikopo, na wakala huo ukikadiria alama ya juu zaidi ya ile ya Moody's, bado mnunuzi wa hatifungani wa London ndiye atakayechagua asome ya nani.